Nyuki, nyoka na wenye pori: mwongozo kamili wa kufyeka shamba na kupiga kazi porini ukarudi mzima

Msimu wa kusafisha mashamba ukikaribia kila mtu anawaza panga na bei ya kibarua kwa heka, wachache sana wanaowaza kwamba lile pori limekaa miaka minne mitano halijaguswa na lina wenyewe ndani. Nyuki wameshajaza tundu la mti, kifutu amejilalia chini ya majani makavu, siafu wana njia zao, halafu wewe unaingia saa mbili asubuhi na mashine inayounguruma, unategemea nini sasa? Mimi kazi zangu ni kufungua njia na kusafisha viwanja na mashamba, naongoza vijana, na ninachowaambia kila siku ni kwamba usalama unafanyika kabla panga halijagusa jani. Ukishaanza kukimbia, jua kuna kitu ulitakiwa kukiona nusu saa nyuma na hukukiona.

Haya yanamhusu yeyote anayefanya kazi nje: mkulima, fundi wa paa, wapima viwanja, jamaa wa nguzo za umeme, wachoma mkaa, walinzi, hata wewe unayefyeka nyuma ya nyumba jumamosi. Mifano mingi ni ya Tanzania maana ndo ninakokujua.

Hatua ya 1: Mambo ya kumaliza kabla hujatoka

Kwanza hospitali. Ujue hospitali gani ya karibu ina dawa ya sumu ya nyoka (antivenomu) na wapi kuna adrenalini (sindano ya aleji kali). Usidhani, piga simu au pita uulize. Zahanati nyingi za vijijini adrenalini unaweza kuikuta ila antivenomu hamna, iko hospitali ya wilaya au ya mkoa, na hiyo siyo habari ya kuigundua ukiwa tayari na mtu anavimba mguu nyuma ya boda.

Pili, uliza watu wako kuhusu aleji. Usiulize "una aleji?" maana wote watasema hawana. Uliza hivi: umewahi kung'atwa na nyuki au manyigu ukatokwa na vipele mwili mzima, ukavimba midomo, ukabanwa pumzi au ukazimia? Anayesema ndio huyo mpe kazi nyingine, hata kama ndo fundi wako bora wa mashine. Na ujue pia kuna mtu aling'atwa miaka yote bila shida, safari hii mwili ukakataa, kwa hiyo hilo swali linapunguza hatari tu, haliimalizi.

Tatu usafiri na mtandao. Namba ya boda mwenye uhakika iwe kwenye simu ya zaidi ya mtu mmoja, simu ziwe na chaji, na mjue ni kwenye kilima gani mtandao unashika. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani mko upande gani na mnatarajia kurudi saa ngapi.

Hatua ya 2: Nguo, na hapa rangi ina kazi yake

Nyuki wanashambulia zaidi vitu vyeusi na vyenye manyoya manyoya, ndo maana wanakimbilia nywele, nyusi, ndevu na mbwa. Ukivaa tisheti nyeusi umejitangaza. Sasa wengine wakisikia hivyo wanavaa ovaroli la bluu, sawa, ila kama uko maeneo ya mbung'o (Katavi, Tabora porini, pembeni ya Serengeti, Tarangire) bluu na nyeusi ndo rangi zenyewe zinazomvuta mbung'o, hata ile mitego yao inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Kwa hiyo kaki, kijivu cha mwanga au rangi ya udongo ndo mpango mzima.

Mikono mirefu, suruali nene imechomekwa ndani ya gambuti au soksi. Gambuti bana, msivae kandambili porini, nyoka wengi wanang'ata kuanzia kwenye kifundo kushuka chini na gambuti linazuia sehemu kubwa ya hiyo shida. Glovu za ngozi kwa anayeokota matawi na mawe. Miwani ya kazi au ya kawaida, hii watu wanaidharau ila inakukinga na vumbi la mashine na pia swila akitema. Kofia pana yenye neti ya uso iwepo hata moja kwenye begi, ni ya yule atakayeenda kumtoa mwenzake.

Pafyumu, losheni inayonukia na mafuta ya nywele yenye harufu kali acha nyumbani. Na ndizi mbivu usile karibu na mzinga. Nyuki akidunga anaachia harufu ya kuwaita wenzake, na sehemu kubwa ya hiyo harufu ni kemikali ileile inayonukia kwenye ndizi iliyoiva. Wafugaji wanalijua hili, ukienda na ndizi kwenye mizinga yao wanakufukuza.

Hatua ya 3: Zungukia eneo lote kwa miguu, bila kelele, kabla ya mashine

Hapa ndo roho ya mwongozo wote kwa hiyo usiruke. Watu wawili, mmoja mbele na fimbo ndefu, mwingine nyuma anaangalia juu. Tembea polepole, kila baada ya hatua kadhaa simama, nyamaza, sikiliza. Nyuki wenye makazi unawajua kwa msongamano, unaona wanaruka mstari ulionyooka kwenda na kurudi sehemu moja, siyo kuzurura maua. Fuata kwa macho tu mpaka uone tundu. Angalia miti yenye mvungu, vichuguu vilivyotoboka, mapango ya mawe, magogo, matairi ya zamani, mabomba, chini ya mapaa, mashimo ya vyoo vilivyoachwa. Asubuhi jua likishapasha ndo msongamano unaonekana vizuri.

Ukisikia mlembe, yule ndege wa asali, anapiga kelele na kuruka mti kwa mti mbele yako kama anakuita, jua kuna nyuki jirani. Wahadzabe wanamfuata makusudi wapate asali, wewe mfuate kwa masikio tu, ujue upande gani usiende na mashine.

Kuna kitu inabidi utofautishe. Kundi la nyuki lililoning'inia kwenye tawi kama shada, bila masega, hilo liko safarini, halina nyumba ya kulinda na mara nyingi ni pole. Waache, weka mtu wa kuzuia watoto wasirushe mawe, siku moja au chache wanaondoka wenyewe. Ila nyuki wenye masega, watoto na asali ndani ya tundu, hao hawana utani.

Alama za wengine: majani yaliyoshonwa pamoja juu ya mwembe au mkorosho ni majimoto. Kitu kama karatasi ya kijivu kilichoning'inia kwenye kichaka au chini ya paa ni manyigu. Ngozi ya nyoka iliyovuliwa, mashimo ya panya, rundo la mawe au matofali ya siku nyingi, hapo weka alama. Mavi mabichi ya tembo, matawi yaliyovunjwa leo, njia pana iliyokanyagwa kuelekea mtoni, hapo inabidi muongee kabla ya kuendelea.

Kila ulichoona kifunge utepe au kitambaa chekundu mbali kidogo, halafu muonyeshe kila kibarua kwa kidole, na muonyeshane pia njia ya kukimbilia: nyumba ipi, gari lipi, upande gani. Gari liegeshwe limeangalia njia, madirisha yamefungwa, funguo kwa mtu anayejulikana.

Hatua ya 4: Ukikuta mzinga ndani ya eneo lako

Usichome moto mchana, usimwage petroli, usirushe mawe. Petroli kwenye mti wenye nyuki inakuletea moto wa pori na nyuki wenye hasira kwa pamoja. Tafuta mfugaji wa nyuki, kila wilaya hawakosekani, na kule Tabora, Singida, Katavi na Kigoma ndo usiseme. Wengi watakuja jioni au usiku na moshi wao, kwa sababu gizani nyuki hawaruki vizuri, ila wanatambaa na wanaifuata taa, kwa hiyo usijipeleke na tochi nyeupe kuangalia "wanafanyaje". Mfugaji mzuri anawahamisha, wewe unabaki na mti na yeye anaondoka na kundi la nyuki. Ukiwa mjini na wamevamia nyumba au shule, zimamoto 114 wanashughulika na mambo haya.

Kama mfugaji anachelewa basi acha kipande. Mimi mashine siwashi chini ya mita mia kutoka kwenye mzinga unaojulikana, panga la mkono naweza kusogea zaidi kidogo. Wengine wataona nazidisha lakini mtetemo wa mashine, chenso na trekta ndo unaowaamsha kuliko kitu kingine, halafu dereva wa trekta akiwa juu pale hasikii chochote mpaka wako shingoni. Mchana wa jua kali, mvua ikiwa inanukia, au kama kuna mtu amewavuna asali juzi, wanakuwa wakali zaidi.

Kabla ya kuanza fungua mbuzi, punda na mbwa wote waliofungwa jirani. Mnyama aliyefungwa kamba nyuki wakimvaa anakufa palepale, na mwenyewe atakuja kwako kudai.

Hatua ya 5: Nyuki wakianza

Onyo linakuja kwanza, ila watu hawalijui. Nyuki mmoja au wawili wanakuja kukugonga kichwani au usoni bila kudunga, tuk, tuk. Huyo ni mlinzi. Acha unachofanya, zima mashine, rudi nyuma taratibu bila kupunga mikono. Ukimpiga ukamponda, ile harufu inatoka, na hapo umeshapiga kengele.

Wakishakuja wengi, sahau taratibu. Kimbia. Acha mashine, acha panga, acha simu iliyodondoka. Vuta kola ya shati au tisheti ufunike kichwa na uso, acha sehemu ya kuonea njia, maana macho, pua na mdomo ndo wanapopataka na pumzi yako inawavuta. Kimbia moja kwa moja, siyo kwa kuzunguka, na usisimame baada ya mita hamsini ukidhani wamechoka, nyuki wetu wanaweza kukufuata mita mia kadhaa. Ingia ndani ya nyumba au gari ufunge. Wachache watakaoingia na wewe ni nafuu kuliko walioko nje. Hamna nyumba? Endelea kukimbia, pita kwenye vichaka vizito vinawachanganya kidogo.

Usiruke mtoni au bwawani. Nyuki wanakusubiri juu, ukitoa pua tu wako hapo, na mabwawa yetu yana mamba. Usikimbilie walipo watoto au darasani. Na usilale chini ukajikunja labda kama umeshindwa kabisa kusogea.

Mwenzako ameanguka na nyuki wamemfunika, mnafanyaje? Ukienda mikono mitupu tutabeba wawili. Vaa neti na glovu, chukua blanketi, turubai au shuka nene, mfunike, mburute hadi sehemu salama. Kama kuna bomba la maji au dumu, maji yenye sabuni nyingi yanaua nyuki haraka, wamwagie wale waliomganda, epuka kuziba pua na mdomo wake.

Wa juu ya mti, nguzo au mnara: shida yako ya kwanza ni kuanguka. Kagua kwa darubini au hata kamera ya simu ukiwa chini kabla ya kupanda, maana ukiwa umefungwa mkanda huko juu nyuki wakitoka unashuka kwa spidi yao, siyo yako.

Kwa wanaosema nyuki wa Afrika wanasingiziwa tu ukali: mwaka 1956 mwanasayansi wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka malkia wa nyuki kutoka Afrika ili aboreshe uzalishaji wa asali kwao, mwaka 1957 makundi kadhaa yakatoroka, yakazaana na nyuki wa kizungu waliokuwepo, na leo wametapakaa mpaka kusini mwa Marekani. Hao wanaoogopewa kule ni ndugu wa hawa hawa wa kwetu.

Hatua ya 6: Aliyeng'atwa, dakika kumi za kwanza

Ukishakuwa salama toa miiba. Ule mwiba wa nyuki unabaki na kifuko chake kinaendelea kusukuma sumu, kwa hiyo kasi ndo muhimu, kwangua kwa kucha, kadi, au vuta tu, usipoteze muda kubishana kipi bora. Manyigu hawaachi mwiba na anaweza kudunga tena na tena huyo huyo mmoja. Vua pete, saa na bangili kabla mkono haujavimba. Osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi, paracetamol ya maumivu, setirizini au piriton ya muwasho. Kuvimba palepale ulipodungwa hata siku mbili ni kawaida.

Kinachoua haraka ni mwili kukataa. Dalili zinakuja ndani ya dakika chache mpaka kama saa moja: vipele sehemu ambayo hukudungwa, midomo na ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana na mluzi, kutapika, tumbo kusokota, kizunguzungu, kuzimia. Ukiona mawili ya hayo, au hata kubanwa pumzi peke yake, ni adrenalini, ya sindano kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje, na hiyo inatolewa na mhudumu wa afya. Piriton haiwezi kuziba nafasi yake, usikae unasubiri kidonge kifanye kazi. Mlaze chali miguu imeinuliwa, kama anahema kwa shida muache aketi, anayetapika mlaze ubavu, usimsimamishe ghafla hata akisema "niko fresh", na muondoke.

Hospitali bila mjadala pia kwa hawa: aliyedungwa mdomoni, kooni au kwenye jicho (mwiba wa kwenye jicho usiutoe mwenyewe), na aliyedungwa miiba mingi, makumi na kuendelea, mtoto au mzee hata pungufu ya hapo. Huyu wa miiba mingi anaweza kuonekana mzima kabisa, anakunywa chai na anacheka, kumbe sumu inavunja misuli na figo zinaelemewa, kesho yake mkojo unatoka rangi ya chai ya rangi au koka. Aende akapimwe, asisubiri mkojo.

Wadudu wengine, harakaharaka

Siafu: toka kwenye njia yao kwanza, ndo uanze kuwatoa mmoja mmoja, ukiwatoa umesimama palepale utatoa mpaka kesho. Usiache kamwe mtoto mchanga amelazwa kivulini wala kuku waliofungiwa penye siafu. Majimoto wanauma lakini kwenye mikorosho na minazi ni walinzi wako, wanakula wadudu wanaoharibu korosho na nazi changa, kwa hiyo usiwapulizie dawa kwa hasira, kata tawi husika tu.

Nge: angalia mikono na mkia. Mwenye koleo nene na mkia mwembamba kwa kawaida sumu yake ni ndogo, mwenye koleo nyembamba na mkia mnene huyo mheshimu. Kung'uta gambuti kila asubuhi, kagua matofali kabla ya kuyabeba. Mtoto aking'atwa na nge mpeleke hospitali, usisubiri.

Nairobi flai, kale kadudu kembamba kenye mistari ya nyekundu na nyeusi, hakaumi kabisa, ila ukikaponda juu ya ngozi maji yake yanakuunguza na malengelenge yanatoka siku inayofuata. Kapulize kaondoke. Umekaponda tayari? Osha haraka kwa sabuni na maji, usiguse macho. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 Kenya walikoma nao.

Upupu na viwavi vya manyoya: usijikune, nata manyoya kwa plasta au selotepu, badilisha nguo, basi.

Hatua ya 7: Nyoka

Watatu wa kuwajua kwa hulka. Kifutu, mnene, mfupi, rangi za majani makavu: huyu hakimbii, anategemea hujamuona, unamkanyaga, anakung'ata mguu, hasa kuanzia jioni. Swila (fira): anainuka, anatanua shingo, na baadhi wanatema sumu kulenga macho kutoka mita mbili hadi tatu. Koboko: mrefu, wa kijivu au kahawia (kwa Kiingereza ni black mamba, ila weusi uko ndani ya mdomo), anapenda vichuguu na miti yenye mashimo, anataka kukimbilia shimoni kwake, kwa hiyo usimzibie njia.

Namna ya kufanya kazi: piga fimbo mbele yako kabla ya kusogeza mguu. Gogo usilivuke kwa hatua moja, kanyaga juu, tazama upande wa pili, ndo ushuke. Jiwe au bati liinue kwa ndoano au kwa kulivuta kuelekea kwako, ule upande unaofunguka uangalie mbali na miguu yako. Mkono usiingie kwenye shimo ambalo macho hayajaingia. Ukimuona nyoka simama, rudi nyuma, mpe njia. Kumuua ndo sababu ya watu wengi kung'atwa, na hata kichwa kilichokatwa kinaweza kung'ata bado.

Ametema machoni: osha hapohapo kwa maji mengi dakika kumi na tano mpaka ishirini, fumbua kope, usisugue. Maji hamna, maziwa yanafaa. Halafu hospitali wakaangalie kioo cha jicho.

Ameng'ata: tulia, mkalishe au mlaze, vua viatu, pete, shanga. Ule mguu ufunge na kijiti kama uliovunjika ili usisogee, usiwe umekaza. Mbebe, asitembee. Kwa boda akae katikati, mtu nyuma amshike. Piga simu hospitali mkiwa njiani. Andika saa aling'atwa na mahali uvimbe ulipofika, chora mstari kwa peni kwenye ngozi. Picha ya nyoka kwa mbali kama ipo ni sawa, kumtafuta hapana.

Yasiyofanywa: kufunga kamba kwa nguvu, kuchanja, kunyonya, kumwagia mafuta ya taa, kupiga shoti ya betri, kunywesha pombe. Kamba ya kukaza kwenye sumu ya kifutu inaua nyama na kuna watu wamekatwa miguu kwa sababu ya kamba. Ukikuta imeshafungwa tayari kwa muda mrefu usiikate ghafla njiani, waache hospitali wailegeze. Na lile jiwe jeusi la nyoka, najua nitatukanwa, ila siyo kila nyoka ana sumu, na hata mwenye sumu saa nyingine anang'ata bila kuimwaga, hao ndo wanaolipa jiwe sifa. Wale wa kweli wanafika hospitali wamechelewa.

Kope zikianza kulegea, anaona viwili viwili, anashindwa kumeza mate, hiyo ni sumu ya kulegeza misuli, koboko au swila. Pumzi ikikata mpulizie mdomo kwa mdomo njia nzima mpaka mfike, moyo unaweza kuwa unapiga vizuri tu, kinachokosekana ni pumzi. Hospitali akibaki chini ya uangalizi siku nzima hata kama hana dalili, msimtoroshe. Shirika la Afya Duniani liliingiza kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kwa mwaka duniani, wengi ni wakulima na watoto wa vijijini.

Hatua ya 8: Wanyama wenye miguu minne

Mbwa wa kuongozana naye porini siyo ulinzi kwa tembo na nyati. Anabweka, anakimbizwa, anarudi kwako na mwenye hasira nyuma yake. Nyati dume aliye peke yake ni hatari kuliko kundi. Kiboko usikae kati yake na maji, usiku anatoka kula majani na asubuhi anarudi kwa njia ileile, kwa hiyo kambi isiwe kwenye hiyo njia. Kuteka maji usirudie sehemu moja saa moja kila siku, mamba anajifunza ratiba, tumia ndoo yenye kamba na usiiname ukingoni.

Tembo ukimuona angalia upepo, ondoka upande ambao harufu yako haimfikii, kimya, usipige picha ya karibu. Mashamba yaliyo mpakani na hifadhi watu wanatumia kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na kule Sagalla karibu na Tsavo, Kenya, mtafiti Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants waliweka uzio wa mizinga, inaning'inizwa kila baada ya kama mita kumi na kuunganishwa kwa waya, tembo akigusa waya mizinga inatikisika nyuki wanatoka. Kumbe nyuki ambao sisi tunawakimbia na yeye anawakimbia.

Uking'atwa na mbwa, mbweha, fisi, nguchiro au popo, hata mkwaruzo: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, siku hiyohiyo nenda ukaanze chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishatoka hamna tiba tena.

Hatua ya 9: Kulala kambini

Usilale chini nje, fisi wanawauma watu usoni wakiwa wamelala. Ingia ndani ya hema au banda, chandarua kimechomekwa chini ya godoro (kinazuia mbu, nge na hata nyoka anayefuata panya), mahindi na mabaki ya chakula mbali na vitanda, maana panya wakija na nyoka anakuja. Kwenda haja usiku ni tochi na gambuti, hata kama ni hatua tano.

Boksi la dawa ninalobeba: sabuni, maji safi ya chupa kwa macho, bandeji pana, paracetamol, setirizini, plasta, glovu, tochi na betri, filimbi, peni. Aspirini na ibuprofeni kwa aliyeng'atwa na nyoka hapana, zinaongeza kuvuja damu.

Hatua ya 10: Karatasi

Umeajiriwa, umeumia kazini? Tanzania Bara mwajiri anatakiwa awe amesajiliwa na kuchangia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na nyuki au nyoka akikuuma ukiwa kazini ni ajali ya kazi kama nyingine. Toa taarifa kwa bosi siku hiyohiyo na kwa maandishi, hata meseji, tunza karatasi zote za hospitali. Kwa wanaoumizwa na wanyama wakali kijijini au kuharibiwa mazao kuna kanuni za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Siyo fidia kamili, na kama uliingia hifadhini bila kibali usitegemee kitu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori mapema, mkapige picha za nyayo na uharibifu kabla mvua haijanyesha, maana wakifika wakakuta shamba limeshalimwa upya hamna cha kuandika kwenye fomu.